Nani Aliandika Herufi ya Mwisho ya Bukavu?

Walimu wa Kiingereza wana zoezi linalopendwa sana darasani: tafuta maneno yenye idadi sawa ya herufi na yanayoishia kwa herufi ileile. Hapa Bukavu zoezi hilo lina wateja. Rwanda, iliyo ng'ambo tu ya mto Ruzizi, iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza shuleni, na kijana anayevuka mpaka kutafuta riziki anajua lugha hiyo ina faida gani. Basi andika have, give, live, love. Herufi nne nne, zote zinaishia kwa e. Sasa zisome kwa sauti. Ile e haisikiki hata mara moja. Iliwekwa ya nini?

Jibu limo katika vitabu vya kale. Mpaka karne ya 17, wachapaji wa Uingereza walizihesabu u na v kuwa herufi moja yenye sura mbili: v mwanzoni mwa neno, u katikati. Love waliliandika loue, give wakaliandika giue. Bila e mwishoni, msomaji angeidhani ile u kuwa irabu. Basi e ikawekwa kumwonya, na desturi ikabaki hata baada ya sababu yake kufa. Hadi leo ni nadra neno la Kiingereza kuishia kwa v. Maana yake herufi ya mwisho ilitoka kwenye kalamu, haikutoka kinywani. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa lugha yenye vitabu vingi namna ile, majina ya mji huu yaliandikwaje, na kwa sikio la nani?

Nilianza na komini zetu tatu: Ibanda, Kadutu, Bagira. Kila moja ina herufi sita. Bukavu nayo ina sita. Ibanda na Bagira zinaishia kwa a, Bukavu na Kadutu kwa u. Ukitoka mjini kuelekea kaskazini unaingia Kabare, kisha Kalehe: sita tena, na zote zinaishia kwa e. Katikati ya njia hiyo kuna Katana, sita vilevile. Mtu anayependa hesabu za siri angefunga mjadala hapa na kutangaza kwamba majina haya ni ya ukoo mmoja. Lakini je, kufanana huko kuna uzito wowote?

Niliuweka ufanano huo kwenye mizani. Kivu Kusini ina teritwari nane: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira, Walungu. Lugha zetu za Kibantu hufunga neno kwa irabu, na irabu zinazoandikwa ni tano tu. Ukiwa na majina sita na irabu tano, lazima mawili yagongane mwishoni, upende usipende. Ukiwa na manane, migongano inaongezeka. Katika orodha hiyo a imepata tatu, e mbili, i mbili, u moja, na o haikupata kitu. Hakuna siri hapo. Bukavu na Kadutu zinafanana mkia kwa sababu mikia ni michache. Basi tuachane na mkia?

Bado, maana idadi yenyewe ya herufi haitulii. Kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu kinaandikwa Idjwi, herufi tano, kwa kuwa Mfaransa huhitaji d mbele ya j ili asome sauti ambayo Mswahili huiandika kwa j peke yake. Kiandike kwa Kiswahili: Ijwi. Sasa kina herufi nne na kinaishia kwa i, pacha wa Fizi. Ardhi haikusogea hata hatua moja, wala wavuvi wa kisiwani hawakubadilisha matamshi. Kilichobadilika ni shule aliyosoma karani. Je, karani aliyeandika Bukavu alisoma shule ipi?

Kwa Mfaransa wa kawaida mji huu ungepaswa kuwa Boukavou. Vitabu vya Kifaransa vya karne ya 19 viliandika Oudjidji pale sisi tunapoandika Ujiji. Lakini mwaka 1885 chama kikubwa cha wanajiografia mjini London kilitoa kanuni ya kuandika majina ya nchi za mbali: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kama za Kiingereza. Watawala wa Kongo waliandika kwa Kifaransa, lakini majina mengi ya upande huu waliyaandika kwa u tupu: Uvira, Kivu, Bukavu. Hivyo u ya mwisho inatuambia jambo moja dogo tu, kwamba karani aliandika kwa mtindo wa ramani za kimataifa na si wa darasa la Kifaransa. Lakini alikuwa amesikia nini hasa kabla ya kuchovya kalamu?

Swali hilo nililipeleka Kadutu, kwa mzee ambaye kwake watu wa mtaa humtuma kijana yeyote anayeuliza habari za zamani. Alinikaribisha kwenye benchi, akanisikiliza, kisha akajibu bila kusita. "Ile ilikuwa inchi ya bangombe, mwanangu. Bazungu bakakuta bangombe, bakauliza fasi inaitwa namna gani." Nikamwuliza, "Muzee, nani alikuambia?" Akasema aliambiwa na baba yake. Hili ndilo simulizi linalojulikana zaidi mjini: kwa Mashi, lugha ya Bashi, ng'ombe ni enkafu, na Bukavu lilikuwa Bu-nkafu, mahali pa ng'ombe. Ni simulizi zuri, na Bushi kwa kweli ilikuwa na bado ni nchi ya wafugaji. Lakini n imekwenda wapi, na f imegeukaje kuwa v?

Wapo wanaolikataa simulizi hilo. Wao husema mahali hapa paliitwa Rusozi kabla ya Mzungu, na kwamba Bukavu lilikuja baadaye. Rusozi lina mantiki yake: kwa majirani Wanyarwanda kilima ni umusozi, na mji huu ni vilima vitupu vinavyoshuka ziwani kwa rasi tano. Sioni sababu ya simulizi moja kuliua lingine. Kilima kinaweza kuwa na jina lake, na malisho yaliyo chini yake yakawa na lake. Mji ukikua huyameza yote mawili, na jina moja ndilo hubaki juu. Kwa nini basi libaki lile la malisho?

Nikageukia tarehe, nikitumaini kwamba zitanisaidia. Maelezo mengi hutaja 1901 kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa kituo cha kikoloni hapa. Mimi nautazama mwaka huo kwa tahadhari. Kuanzia 1899 nchi hizi za Ziwa Kivu zilikuwa zinagombaniwa na Wajerumani na Dola Huru ya Kongo, na ugomvi haukumalizwa hadi makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910, yaliyoiacha Idjwi upande wa Kongo. Kati ya 1901 na 1910 hakuna aliyekuwa na hakika bendera ipi ingebaki. Je, kilichoanzishwa 1901 kilikuwa mji, au vibanda vya askari vilivyohitaji jina la kuandika juu ya barua?

Kuwepo kwa Wajerumani kulinifungulia njia niliyoifuata kwa hamu. Katika tahajia ya Kijerumani v husomwa kama f. Kwa Kiholanzi pia, lugha ya baadhi ya maofisa wa Ubelgiji, v iko karibu sana na f. Basi karani wa lugha hizo angesikia Bunkafu na kuandika v bila kukosea hata kidogo. Ni wasomaji wa Kifaransa na Kiswahili ndio wangeisoma v hiyo kwa sauti yao. Ilionekana kama ufunguo kamili. Ila mlango haukufunguka. Wajerumani haohao waliliandika ziwa letu Kiwu, kwa w, kwa sababu walitaka kutoa sauti ya v. Walijua tofauti. Tena upande wa Kalehe na Idjwi wanaishi Bahavu, ambao jina lao lina v halisi, inayotamkwa v na wenyewe, na makarani wa Kibelgiji waliipata sawasawa. Ikiwa karani aliweza kuiandika Buhavu, nchi yao, kwa nini akose Bunkafu?

Njia nyingine zilikufa haraka zaidi. Ibanda ni jina la komini yetu, na pia la wilaya magharibi mwa Uganda. Nilidhani huenda watu walihama na jina lao, lakini sikupata kinachoziunganisha zaidi ya sauti. Katana ni mji mdogo wa Kabare, na ni jina la kiume linalotumika sana kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Hakuna mtu wa Katana aliyenisimulia kuhusu ndugu wa Malindi. Lugha zenye silabi fupi na irabu tano huzaa vitu viwili vyenye sura moja hata pale ambapo havijuani. Niliamua kuacha mikia na kutazama kichwa cha jina. Kichwa kinasema nini?

Hapo ndipo safari ilipoanza kunilipa. Chukua majina ya kandokando ya maziwa ya Tanganyika na Nyanza jinsi yalivyoingia kwenye ramani za kwanza: Uganda, Urundi, Uha, Uvira, Urega. Wenyeji wenyewe husema Buganda, Burundi, Buha, Buvira, Bulega. B imeanguka, kwa sababu watembezi Wazungu waliongozwa na watu wa misafara waliozungumza Kiswahili cha pwani, na Kiswahili hicho husema u pale jirani zake wanaposema bu. Hata mji mkuu wa zamani wa Burundi uliandikwa Usumbura hadi uhuru ulipourudishia Bu yake. Lakini Bukavu haikuwa Ukavu. Ilinusurikaje?

Niliteremka na barabara ya Ruzizi, kupitia Ngomo na Kamanyola, mpaka Uvira. Mto huu hutoka Ziwa Kivu pale Bukavu na kumwaga maji Tanganyika, kwa hiyo miji hii miwili ni jirani wa maji yaleyale. Historia zao za kuandikwa haziko pamoja. Wasafiri wawili Waingereza walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwaka 1858, wakiongozwa na watu wa Zanzibar, na Uvira ikaingia vitabuni hapohapo ikiwa na u ya pwani. Ziwa Kivu halikuonwa na Mzungu hadi 1894, miaka 36 baadaye. Waliokuja baadaye walikuwa na wakalimani wengine. Je, walilisikia jina la Bukavu moja kwa moja kutoka kwa Bashi, bila Mswahili kusimama katikati?

Hilo ndilo jibu nililolitaka, na ndiyo maana nililitilia shaka. Sikiliza Kiswahili chetu wenyewe, kile cha Kadutu na cha soko. Hatusemi unga, tunasema bunga. Hatusemi usiku, tunasema busiku. Ulaya kwetu ni Bulaya. Kiswahili kilichopanda kutoka Maniema hadi Kivu kiliirudisha b kwa sababu wasemaji wake wapya walikuwa nayo katika lugha za mama zao. Basi Bu- ya Bukavu haithibitishi kwamba Mswahili hakuwepo. Inathibitisha tu kwamba kama alikuwepo, alikuwa Mswahili wa bara, wa miaka ya 1900, si yule wa misafara ya 1858. Je, huyo wa bara aliacha alama nyingine yoyote ndani ya jina?

Aliacha, na ni ile n iliyopotea. Kiswahili tangu zamani hakivumilii n mbele ya k. Kinyarwanda kinasema inkoko, sisi tunasema kuku. Wao wanasema inkwi, sisi kuni. Mpe Mswahili neno Bunkafu na ulimi wake wenyewe utaiondoa n, bila karani yeyote kumsahihisha. Atasema Bukafu. Mshi hana sababu ya kuiondoa. Kwake enkafu ni enkafu, na n yake inasikika. Kwa hiyo kati ya malisho ya Bashi na daftari la ofisi palisimama mtu aliyesema Kiswahili. Askari? Mbeba mizigo? Mpishi wa kituo?

Yeyote aliyekuwa, amebaki na deni la herufi moja: f iliyogeuka v. Kabla ya kulidai, nitaje simulizi la tatu, ambalo wasomi hulitupa haraka. Mgeni kutoka Tanzania anaposikia jina la mji huu husikia neno kavu, na kwa kuwa sisi husema bu pale wao wanaposema u, Bukavu kwa Kiswahili cha hapa ni ukavu mtupu. Kama maelezo ya mahali, halifai. Mvua hapa huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na ziwa limezunguka rasi zote. Hakuna mtu mwenye macho ambaye angeviita vilima hivi vikavu. Lakini je, simulizi lisilo la kweli haliwezi kuwa na kazi nyingine?

Mfikirie yule mkalimani wa Kiswahili. Anasikia kwa Bashi neno asilolijua, Bunkafu, nalo linamtoka Bukafu. Katika lugha yake mwenyewe hakuna neno kama hilo, ila kuna moja linalokaribia mno, bukavu. Masikio ya binadamu huvuta neno geni kuelekea neno lililozoeleka, na hii ndiyo sababu v inaweza kuwa imeingia bila Mjerumani wala Mholanzi. Majirani nao walisaidia: Kivu iko mbele yake, Buhavu iko pembeni, mikia yote ni vu. Mto wetu wenyewe unaonyesha kwamba badiliko la namna hii linawezekana. Rwanda na Burundi huuandika Rusizi, Kongo huuandika Ruzizi: herufi sita kwa sita, i kwa i, tofauti ni s na z tu. S kwa z, f kwa v. Ulimi uko palepale, ni koo tu linalotetema. Na upande wa Kongo mara zote mbili umechukua ile inayotetema. Je, hiyo ni bahati, au ni sikio moja lililofanya kazi mara mbili?

Ninaegemea upande wa mzee wa Kadutu, kwa masharti. Ng'ombe wake nawakubali. Wazungu wake wanaouliza na kujibiwa moja kwa moja siwakubali, kwa sababu jina lenyewe limebeba alama za mtu wa tatu. Simulizi hili lote, jinsi linavyosimuliwa mjini, lina mwenyeji anayejibu na mgeni anayeandika. Mkalimani hayumo. Kwa nini mtu aliyeligusa jina kuliko wote ndiye aliyesahauliwa?

Kisha mwaka 1927 jina lenyewe likaondolewa. Mji ukaitwa Costermansville kwa Kifaransa, Costermansstad kwa Kiholanzi, kwa heshima ya ofisa mmoja wa ngazi ya juu wa kikoloni. Herufi kumi na tano mahali pa sita. Kongo nzima ilikuwa imejaa majina ya kiwanda hichohicho. Léopoldville na Stanleyville, herufi kumi na mbili kila moja. Elisabethville na Coquilhatville, kumi na nne kila moja. Yote yanaishia kwa e, na e hiyo ni sawasawa na ile ya love na give: inaonekana, haisikiki. Hapa mkia mmoja hauna bahati ndani yake, kwa kuwa ulipangwa ofisini. Wakazi waliolazimika kupanda na kushuka Kadutu kila siku kwenda kufanya kazi kwenye nyumba za ufukweni walilitamkaje jina hilo refu?

Sheria ya utawala inatoa dokezo. Kuanzia 1933 mkoa mzima uliitwa Costermansville, kisha mwaka 1947 ukapewa jina Kivu. Mji ukafuata: vitabu vingine vinasema 1953, vingine 1954, nami sina haja ya kuchagua, kwa sababu kinachonishangaza ni kimoja kwa tarehe zote mbili. Ilikuwa kabla ya uhuru. Léopoldville ilisubiri hadi 1966 kuwa Kinshasa, na mwaka huohuo zikaja Kisangani, Lubumbashi na Mbandaka. Bukavu ilirudi miaka kumi na zaidi mapema, chini ya utawala uleule uliokuwa umelifuta jina lake. Jina haliwezi kurudi kama hakuna aliyelitunza. Ni nani waliokuwa wakiendelea kusema Bukavu kwa miaka ile yote, sokoni, kanisani, kwenye mitumbwi ya Idjwi, hadi ofisi ikachoka kuandika lingine?

Kwa hiyo njia yangu inayofuata haiko kwenye ramani tena. Ramani za miaka hiyo huandika kile ofisi ilichoamuru. Barua za watu wa kawaida, risiti za wenye maduka, daftari za ubatizo za parokia za Kabare na Kalehe, vitu hivyo huandikwa na mkono unaofuata ulimi. Ndani yake ndimo nitakamomtafuta mtu aliyeandika Bukavu kati ya 1927 na 1953 bila ruhusa ya yeyote. Na nikimpata, je, ameandika kwa v, au kwa f?